Kama unataka kutengeneza taa za mapambo, anza usiku

Taa yangu ya kwanza ya kibuyu niliyoiona kali kabisa, baba mdogo aliitazama kama sekunde tano hivi akaziba macho na kiganja, akasema "we mtoto, hii taa inanichoma". Basi. Mi nimekaa wiki mbili natoboa, nasugua, napaka vanishi, yeye ananiambia inamchoma. Nilinuna aisee.

Sasa baba mdogo ni mvuvi wa dagaa pale Katonga, Kigoma, usiku wake mwingi kaumalizia ziwani, na mwaka 2024 serikali ilipofunga Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane, ndo akawa hana pa kwenda, anashinda uani kwetu Mwanga anaangalia ninachofanya na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemuomba. Mwanzo ilinikera, baadae nikaona huyu mzee anaijua taa kuliko mimi ninayejiita dizaina. Akanieleza enzi za karabai walivyokuwa wanaikinga taa kwa juu, mwanga wote unashuka kwenye maji, dagaa wanapanda kuufuata, na wale waliomo kwenye kipe, boti ya kuvulia dagaa, macho yao yanabaki kwenye giza wanaona wavu na kamba vizuri. Sa hivi wanatumia balbu za LED na betri ila mambo ni yale yale, tena mbalamwezi ikiwa kubwa hawatoki kabisa maana mwezi unashindana na taa na dagaa wanatawanyika. Akaniuliza, "Sa hii yako unataka nione nini, nione balbu?"

Nilikosa jibu. Kwa hiyo nawaambia wadogo zangu wote wanaoniuliza waanzie wapi, wasianzie kwenye umbo. Chukua holda, balbu na waya, subiri giza liingie, funga madirisha, halafu zungusha hiyo balbu nyuma ya chochote ulichonacho, boksi, ungo, chujio la nazi, kipande cha kikapu, uangalie ukutani na sio kwenye balbu. Mi sa hivi mchana natoboa na kusugua tu, kuamua naamua usiku, na taa yoyote ambayo ukikaa kwenye kiti unaiona balbu yenyewe naiona haijaisha hata iwe nzuri vipi.

Kwenye balbu nimepoteza hela nyingi ndo maana nalisema kwa urefu. Maduka mengi huku ukisema nataka balbu unapewa ile nyeupe, kwenye boksi imeandikwa 6500K (hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga), hiyo ukiiweka ndani ya kibuyu inakuwa kama zahanati. Tafuta ya njano, 2700K au 3000K, ngozi ya kibuyu inageuka rangi ya mawese yaliyochemka, ndo rangi yenyewe hiyo. Halafu kuna kitu kilinisumbua mwezi mzima, nilikuwa natoboa matundu madogo madogo mazuri, biti ya milimita 2, nategemea nyota ukutani, naishia kupata ukungu tu. Kumbe balbu yenye kioo cha maziwa ni pana, mwanga unatoka kila upande, nukta zinapandana. Weka LED yenye kioo angavu ambayo unaona kile kiuzi cha ndani, au LED ndogo kabisa, na kibuyu kiwe na nafasi, hapo nukta zinakaa kila moja peke yake. Mi huwa nachanganya biti ya 2, ya 4 na ya 6 kwenye mchoro mmoja, matundu makubwa nayaweka chini ambako mtu anakaa na madogo juu kuelekea dari.

Na usiweke balbu ya zamani ya wati 60, nakuomba. Niliweka. Sehemu kubwa ya umeme wake inaishia kuwa joto, baada ya saa moja nikasikia harufu kama mahindi yanaungua, kufungua, kibuyu ndani kimeshakuwa cheusi na holda ya plastiki imelegea. Ningekuwa nimelala sijui leo ningekuwa naandika nini. LED ya wati 5 inatosha na haichomi, na wateja wetu wakiuliza "inakula umeme?" (watauliza, hilo ndo swali la kwanza kabla hata ya bei) unawapa hesabu nyepesi, inawaka masaa 200 ndo inamaliza uniti 1 ya luku. Hapo wanatulia.

Vibuyu vyenyewe nachukua Kasulu sokoni, vingine kwa kina mama wanaolima. Subiri kikaukie hadi kikonyo kiwe kahawia na mbegu zigonge ndani ukitikisa, kikubwa kwangu kilichukua kama miezi minne, na masika kinaota ukungu wa nje ila usikitupe, kiloweke kidogo usugue na stiliwaya, ngozi ya juu inatoka kinabaki laini kama yai. Ndani ingiza kokoto na mchanga utikise mpaka mkono uchoke, halafu kwangua na kijiko. Funga pua na kitambaa wakati huo, vumbi lake ni chungu na linakohoza vibaya sana.

Ila bana kuna jambo hakuna aliyeniambia. Kibuyu watu wanakiogopa. Mama yangu alivyokuta vitano vimepangwa chumbani kwangu alisimama mlangoni akauliza kwa sauti ya chini kabisa nani amenipeleka kwa mganga. Na mteja mmoja aliipenda taa, akalipa, kesho yake akairudisha, mume wake kasema hizo tunguri hazilali ndani kwake. Sikubishana naye, nikamrudishia hela. Nilichofanya ni kubadilisha umbo, nikaacha kukisimamisha kibuyu wima na shingo juu, nikakilaza, nikakikata mdomo, nikakiwekea mapezi ya mbao, kikawa samaki, mgebuka mnene anayewaka mbavuni. Hapo biashara ikaanza. Mbao napata kwa mafundi mitumbwi, vipande vya mtumbwi chakavu ambavyo wanachomea moto, vina matundu ya misumari yenye kutu na kwenye maungio bado unakuta pamba ya kalafati, ile ya kuzibia maji yasiingie, imeganda. Usiitoe hiyo pamba na usipige msasa ukamaliza kila kitu, nilifanya hivyo mara moja ikawa ubao tu kama wa kununua dukani.

Umeme sasa. Kama hujui kaa na fundi umeme hata siku mbili umlipe, usijifunze kwa video peke yake. Mi alinifundisha kaka mmoja wa jirani, tena kwa kunigombeza. Waya wa kahawia ndo wenye moto, swichi ikate huo na sio wa bluu. Chini ya holda waya upigwe fundo ndani ili mtoto akivuta isichomoke kwenye skrubu. Tundu la kupitishia waya lisuguliwe kingo au uweke kimpira, kingo kali zinakula ganda taratibu na wewe huoni. Ukitumia chuma, mfano ukageuza karabai la zamani kuwa taa ya mezani (yanapendwa sana na wageni hayo), lazima waya wenye nyuzi tatu, wa kijani na njano ufungwe kwenye chuma chenyewe, plagi iwe ya pini tatu. Mi kila taa naiwasha masaa sita mfululizo nikiwa macho ndo naiuza.

Kuhusu bei sitakudanganya, bado naumia. Ya kwanza niliuza elfu 20, nikashangilia, jioni nikakaa na mama tukapiga hesabu, holda, waya, plagi, swichi, balbu, vanishi, elfu 14, yaani wiki mbili zangu zote ni elfu 6. Mama hakucheka hata. Sa hivi naandika masaa kwenye daftari, hata yale ya kutafuta kibuyu. Na oda bila advansi sipokei, lodge moja ya mkoa mwingine ilinipa oda ya taa nane kwa simu, maneno matamu, nimemaliza zote simu haipokelewi, nikabaki na migebuka minane inaniangalia usiku. Nusu kwanza, hata awe ndugu. Hata awe shemeji. Ukihitaji kujifunza mahesabu na vifungashio ofisi ya SIDO ya mkoa ipo, ni shirika la serikali la viwanda vidogo, lipo tangu 1973 kwa ajili ya watu wadogo kama sisi, kawaulize.

Kusafirisha: toa balbu uifunge peke yake, jaza matambara ndani ya kibuyu kwanza kabla ya nje, maana kinapasukia kwenye matundu na sio kwenye ngozi nzima. Mbili zilivunjika kwenye basi kwa sababu nilijaza nje tu.

Ziwa lilivyofunguliwa baba mdogo akarudi kazini, nikampelekea taa ya mgebuka, ile niliyotengeneza kwa masharti yake, mwanga unashuka chini tu, ukikaa hauoni balbu kokote. Aliishika akaigeuza geuza, akasema "hii sasa hata dagaa wangekuja". Juzi nimepita kwake kumsalimia, mgebuka upo juu ya kabati umefutwa vumbi vizuri, nikabonyeza swichi, kimya. Balbu hamna. Kaihamishia chooni.