Bastola kwa mke mwenye mikono isiyo na nguvu: tulivyochagua sisi hapa Texas

Ndugu tunaoishi nao hapa Texas huniuliza swali hili mara kwa mara: mke anarudi kutoka zamu usiku wa manane, yeye na mumewe wamekubaliana wawe na silaha ya kujilinda, sheria inawaruhusu, lakini mikono yake haina nguvu. Anunuliwe ipi? Mke wangu ana baridi yabisi kwenye viungo vya vidole. Hata chupa mpya ya maji hufunguliwa na watoto. Kwa hiyo haya ninayoyaandika tumeyapitia wenyewe.

Dukani utaambiwa uchukue rivolva ndogo nyepesi, ile bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka. Muuzaji mmoja alituwekea moja mezani hata salamu hazijaisha: hii ya kina mama, haina kukoki. Ni kweli haina kukoki, yaani kuvuta sehemu ya juu nyuma ili risasi iingie. Lakini triga ya rivolva ndiyo inayozungusha silinda na kurudisha nyundo nyuma kwa wakati mmoja, na kwenye nyingi ya hizi ndogo inataka mvuto wa kilo 5 hivi, wote kwa kidole kimoja. Muuzaji alihakikisha haina risasi, akamwonyesha mke wangu mahali salama pa kuielekeza. Akavuta. Mdomo wa bastola ukaanza kutetemeka, ukashuka chini kushoto kabla nyundo haijaanguka. Akajaribu kwa vidole viwili, kisha akairudisha mezani. "Baba Neema, hii siiwezi," akasema, na mimi nilikuwa nimeshaona. Halafu kuna teke, ule msukumo wa bastola kurudi nyuma ikifyatuka. Risasi ileile ikitoka kwenye bastola nyepesi hupiga mkono kwa ukali kuliko ikitoka kwenye nzito, na viungo vilivyovimba havisamehi. Mtu akiumia siku ya kwanza uwanjani, harudi tena kufanya mazoezi.

Basi mnabaki na bastola za kukoki, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema mno. Kabla ya kusema mkeo hawezi kukoki, mtazame anavyokoki. Wengi wetu tunabana slaidi, ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma, kwa kidole gumba na cha shahada, kisha tunanyoosha mikono mbele na kuvuta. Hapo unatumia misuli midogo kabisa ya mkono. Mwalimu wa shabaha alimrekebisha mke wangu hivi: bastola iwe karibu na kifua, viwiko vishikane na mbavu, kiganja kizima cha mkono wa kushoto kifunike slaidi kwa juu upande wa nyuma, mbali na tundu la kutolea maganda. Kisha mkono wa kulia usukume mpini mbele kwa nguvu huku wa kushoto ukishikilia tu. Kazi inahamia mabegani na mgongoni. Jambo moja la kuangaliwa sana: anayekoki hivyo huelekea kugeuka upande, na mtutu unageuka naye kuelekea kwa jirani wa meza ya pili. Ageuze mwili wake, mtutu ubaki mbele, na kidole kiwe nje ya triga muda wote.

Baada ya hapo ndipo aina ya bastola inapokuwa na maana. Usidhani bastola ndogo ni laini. Bastola nyingi za zamani za .380, yaani za risasi yenye nguvu ndogo kuliko ya 9mm, hazina kufuli kati ya mtutu na slaidi. Spiringi na uzito wa slaidi ndivyo vinavyozuia nguvu ya risasi, kwa hiyo spiringi inakuwa ngumu kuliko ya 9mm kubwa. Smith & Wesson walitoa M&P 380 Shield EZ mwaka 2018, kisha ya 9mm mwaka 2020, kwa ajili ya watu wa namna hii hasa: slaidi inavutika kwa urahisi, na magazini yake, kibweta cha risasi 8, ina vitufe pembeni vya kushusha spiringi kwa kidole wakati wa kujaza. Ruger nao wana Security-380 iliyotengenezwa kwa wazo hilohilo. Sisi tulichukua EZ ya .380. Mkitafuta EZ iliyotumika, angalieni namba yake, kwa sababu mwaka 2020 kampuni iliita zirudishwe baadhi yake kwa hitilafu ya nyundo.

EZ ina kizuizi nyuma ya mpini ambacho lazima kiganja kikibonyeze ndipo ifyatue. Mkono ukilegea, haifyatui. Mjaribishe mkeo siku vidole vinapomuuma, asubuhi ya baridi, siyo siku nzuri tu. Na bastola yoyote ya kukoki inahitaji kifundo cha mkono kilichokaza. Kikilegea, slaidi hairudi nyuma kikamilifu na ganda linakwama. Kwa hiyo akodishe kwenye uwanja wa shabaha, apige nayo, aondoe risasi iliyokwama, ajaze magazini na kubonyeza kitufe cha kuitoa, yote kwa mikono yake mwenyewe. Ukimjazia wewe hutajua.

Kama hata EZ ni ngumu, kuna za .22, risasi ndogo zaidi, kama SIG P322 au Taurus TX22. Teke lake ni dogo sana. Risasi zake hugoma mara nyingi zaidi, lakini bastola anayoweza kuitumia vizuri ni bora kuliko yenye nguvu anayoiogopa. Asiyeweza kukoki kabisa aangalie Beretta Bobcat au Tomcat, ambazo mtutu unainuka kwa nyuma na risasi inatumbukizwa kwa mkono.

Sheria nayo isichezewe. Aliye na viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha hapa; mwenye grini kadi anaruhusiwa. Kumnunulia mkeo zawadi kwa pesa yako kunakubalika mradi naye hajakatazwa kumiliki. Lakini shemeji akikupa pesa umnunulie, ukasaini Fomu 4473, ile ya serikali inayojazwa dukani wakati wa kununua silaha, kwamba mnunuzi ni wewe, hilo ni kosa la jinai la serikali kuu. Na kama nyumbani kuna mtu mwenye msongo mzito au mawazo ya kujidhuru, bastola isiingie kabisa mpaka hali itulie.

Hapa Texas ni kosa mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia bastola yenye risasi uliyoiacha kwa uzembe. Kasha la kuifungia nalo lichaguliwe na mikono ileile. Tulirudisha moja lenye kitasa kidogo cha kuzungusha, maana mke wangu hakuweza kukishika, tukachukua la vitufe vikubwa vya namba. Analifungua gizani kwa kupapasa, na watoto hawajui namba zake.