Simu yangu ilipakwa nano, mbona maji yameingia?

SWALI: Mwezi uliopita kijana mmoja wa stendi alinipaka dawa ya nano kwenye kioo cha simu kwa shilingi 10,000. Alisema kioo hakitavunjika na maji hayataingia. Juzi simu imetumbukia kwenye ndoo. Nimeifukia kwenye mchele siku mbili. Inawaka, lakini spika inakwaruza na tundu la chaji linapata moto. Je, nipake mkono wa pili? Oda zangu zote ziko humo.
Mama lishe, Tanga

JIBU: Dada yangu, izime sasa hivi na usiichaji tena. Moto huo ni dalili kwamba umeme unapita pasipotakiwa, kwenye unyevu au kutu, na kila unapochomeka chaja kutu inazidi kula. Mchele haufiki kwenye maji yaliyojificha chini ya chipu, vile vipande vidogo vya ndani vinavyoendesha simu. Mpelekee fundi aifungue na kuiosha bodi kwa spiriti ya isopropili, leo kama inawezekana.

Mkono wa pili usipake. Karibu kila wiki naletewa simu iliyolowa yenye kioo kilichopakwa hiyo dawa, na mwenye simu anaulizia dawa, si maji. Dawa hiyo kwa kawaida ni silika, jamii ileile ya madini yanayotengeneza kioo. Ikikauka huacha utando wa kupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, wakati unywele wako mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Utando huo hufanya maji yateleze juu ya kioo, basi. Lakini maji yako hayakupita kwenye kioo! Yalipita kwenye tundu la chaji, vitundu vya spika na pale inapokaa laini. Simu inayohimili maji huyazuia kwa mipira na gundi, na hata hiyo kinga hupungua mipira ikichakaa.

Ile “9H” wanayokuonyesha kwenye boksi ni daraja la kipimo cha kukwaruza kwa penseli. Haisemi lolote kuhusu simu kuanguka kwenye sakafu.

Kinachoniuma ni kwamba nano ya kweli unayo ndani ya chipu tangu siku uliyonunua simu. Mwaka 1971 chipu ya Intel 4004 ilikuwa na transista 2,300, yaani swichi ndogo za umeme. Chipu ya simu ya Apple A17 Pro ya mwaka 2023 ina bilioni 19, ndani ya eneo la kukaribia ukucha wa kidole gumba. Kufika hapo, viwanda hutandaza tabaka za atomi chache chache, kwenye vyumba ambavyo chembe moja ya vumbi ni hasara. Hata utando wa kukinga bodi dhidi ya maji, kwa simu zilizo nao, huwekwa kiwandani, mara nyingi ndani ya chemba iliyoondolewa hewa. Kazi hiyo haifanyiki juu ya meza ya stendi kwa kitambaa na kichupa.

Wanaouza vichupa hivyo sasa wanauza na stika za “nano” za kuzuia mionzi. Hizo ndizo naomba mziogope zaidi. Simu huongea na mnara kwa mawimbi hayohayo wanayoyaita mionzi. Stika ikiyazuia kweli, simu itaongeza nguvu ya kurusha ili isikike, na chaji itaisha upesi. Isipoyazuia, umenunua karatasi.