Risiti inasema saa mbili usiku, hifadhidata inasema saa kumi na moja jioni

Swali: Kaka, nimetengeneza mfumo wa mauzo wa baa hapa Mwanza, PHP na MySQL, kwenye seva ya kukodi. Risiti inatoka 20:15, sahihi kabisa, lakini safu ya created_at (muda wa kuingizwa kwa mauzo) kwenye hifadhidata inasoma 17:15. Mauzo ya baada ya saa sita usiku nayo yanaingia kwenye ripoti ya jana. Niongeze saa tatu kwenye kila SELECT, yaani kila amri ya kusoma data?

Jibu: Usiongeze. Siku seva ikirekebishwa, ripoti zako zote zitatangulia kwa saa tatu, na hutakumbuka ulijumlisha wapi.

PHP yako inafuata Africa/Dar_es_Salaam, MySQL inaelekea kufuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Hakikisha:

SELECT @@session.time_zone, NOW(), UTC_TIMESTAMP();

Ukiona SYSTEM, MySQL inafuata saa ya seva. NOW() na UTC_TIMESTAMP() zikilingana, basi kweli inafuata UTC. Dawa ni mstari mmoja, mara tu programu inapounganishwa na hifadhidata:

SET time_zone = '+03:00';

Weka namba, si jina la eneo. Majina hayakubali mpaka majedwali ya majina hayo yapakiwe ndani ya MySQL, na kwenye seva ya kukodi mara nyingi huna ruhusa hiyo. Kwetu saa hazisogezwi mbele na nyuma kama Uingereza, kwa hiyo namba inatosha mwaka mzima.

Kinachoumiza kichwa ni data za zamani. Kabla ya kugusa chochote, chukua bekapu, kisha endesha SHOW CREATE TABLE uone aina ya kila safu ya muda, TIMESTAMP au DATETIME. TIMESTAMP hugeuzwa kuwa UTC inapoandikwa na kurudishwa inaposomwa, kwa hiyo created_at iliyojazwa na MySQL yenyewe itajirekebisha: 17:15 itasomeka 20:15. DATETIME hubaki ilivyoandikwa. Hiyo, ikiwa ilijazwa na MySQL, utaisogeza mbele saa tatu kwa UPDATE moja, ukiishia kwenye id ya mwisho kabla ya marekebisho. Safu zilizojazwa na date() ya PHP ni kinyume chake: DATETIME iache, ila TIMESTAMP itaruka hadi 23:15, na hiyo uirudishe nyuma saa tatu. Wengi hunasa hapo, wakasogeza jedwali zima kwa mkupuo.

Ripoti zitanyooka, maana CURDATE(), inayotoa tarehe ya leo, nayo inafuata mpangilio huohuo. Ila mwenye baa anaweza kulalamika, kwani kwake usiku wa Ijumaa unaisha milango ikifungwa, hata kama ni saa nane. Mwekee saa ya kufunga hesabu kwenye mipangilio ya mfumo, aichague mwenyewe.