Re: Kwa nini "Did you went to Kaole" ni kosa?

Pole ndugu yangu wa Bagamoyo kwa kusahihishwa Kiingereza na mtalii mbele za watu ulipomuuliza "Did you went to Kaole?", yaani yale magofu ya hapo Bagamoyo. Hata mimi huku Tanga iliwahi kunikuta, tena kwenye usaili! "I went to Kaole" ni sawa kabisa. Lakini "did" ikishaingia, yenyewe ndiyo inabeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi umbo la mwanzo: "Did you go?", "I didn't go". Mbona hata sisi tunasema "nilikwenda", tukikanusha ile -li- inaondoka: "sikwenda", si "silikwenda". Vilevile "she goes", ila "does she go?", s imehamia kwenye "does". "Was" na "were" hazitaki "did": "Were you at Kaole?" Vitenzi visivyofuata kanuni ya -ed, kama go/went, see/saw, buy/bought, kariri tu.