Miezi minne nilitembea Ubungo mpaka Mwenge kwa mguu

Niseme ukweli, mi nilikuwa nawacheka watu wanaoenda kwa mwanasaikolojia. Nilikuwa naona ni mambo ya wenye hela na muda, sisi tuna kanisa, tuna msikiti, tuna washkaji kijiweni, unaongea yanaisha.

Halafu nikapata ajali. Basi la jioni tunatokea Morogoro, kabla ya Chalinze lori likatuvaa ubavuni, kuna waliofia palepale na mi nikatoka na kovu moja tu kwenye nyusi. Kila mtu shukuru Mungu, shukuru Mungu, na nilishukuru kweli, ila miezi minne baadae bado nilikuwa nakanyaga lami kutoka Ubungo mpaka Mwenge kwenda kazini, kwa sababu konda akigonga tu bodi la daladala mwili wote unakakamaa, jasho linatoka kama nimemwagiwa maji, na hapo hata sijapanda.

Hospitali nilizunguka sana. Presha, moyo, nikaambiwa vidonda vya tumbo, nikameza vidonge mpaka basi na tumbo liko vilevile. Nyumbani nikawa mkali, mtoto akiangusha sufuria namfokea kama kaua mtu. Mke wangu akawa anawaambia wanawe "baba amechoka", na ile sentensi iliniuma kuliko kovu.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza ni kwamba mwili ukishaingia kwenye hali ya hatari unapeleka nguvu zote kwenye kukimbia au kupigana, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, tumbo linaacha kusaga chakula vizuri, sawa kabisa kama kuna simba, shida ni pale simba keshaondoka na mwili haujapewa taarifa. Kwa hiyo unaweza kujiambia kichwani mchana kutwa "yameisha yale", tumbo halisikii.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, na huu nimeulipia: usikubali mtu akulazimishe kusimulia. Wiki ileile ya ajali kuna mshauri alitukusanya manusura, kila mmoja aeleze aliona nini, alisikia nini, zamu kwa zamu. Nadhani alikuwa na nia njema. Mi nilirudi nyumbani nikiwa na ajali yangu pamoja na za wenzangu saba, nikakaa siku tatu silali. Baadae sana ndo nikajua hata Shirika la Afya Duniani halishauri kuwakalisha watu hivo mara tu baada ya tukio.

Huyu dada mwanasaikolojia niliyempata baadae (mke wangu ndo alimtafuta, mi niligoma wiki mbili) siku ya kwanza hakuuliza ajali kabisa. Aliniambia "kaka, kaa popote unapojisikia", nikavuta kiti mpaka mlangoni, nikakiweka nauona mlango na korido. Hakucheka. Alisogeza na chake, akauliza mlango ubaki wazi au tufunge. Yaani nilitaka kulia kwa swali la mlango!

Wiki kama tano hivi tulikuwa tunafanya vitu ambavyo ningeviita vya kitoto. Vua viatu, sikia sakafu ilivyo baridi. Taja vitu vitano unavyoviona humu ndani. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko ile uliyoivuta. Akauliza nalala saa ngapi, nakula nini, nasali wapi, nani nyumbani ananielewa. Akanambia dawa niliyopewa na daktari nisiiache kienyeji, na kwaya nirudi, kwa sababu kuimba nako ni kupumua. Kuna daktari wa Marekani, Judith Herman, aliandika mwaka 1992 kwamba kupona kiwewe, yaani lile jeraha la ndani linalobaki baada ya tukio baya, kuna hatua tatu, usalama kwanza, halafu ndo kukumbuka na kuomboleza, halafu kurudi kwa watu. Yule mshauri wa mwanzo alituanzishia ya pili.

Ajali yenyewe nilikuja kuisimulia mwenyewe, sijaombwa, nikiwa na miguu peku sakafuni, na nilipofika kwenye honi nikakwama akasema tuishie hapo leo inatosha.

Kwa hiyo ukienda, uliza kabla hujalipa: nikikwama utafanyaje? Naruhusiwa kusema hapana? Umesomea wapi kazi hii? Anayekasirika kuulizwa, aga uondoke. Na anayekuahidi vikao vitatu umepona, huyo muombe nauli yako akurudishie.

Hela inauma, sikatai. Mi baada ya miezi miwili nilimwambia wazi siwezi kila wiki, tukafanya kila baada ya wiki mbili, kumbe inawezekana, nilikuwa naona aibu tu.

Mwezi uliopita nilipanda basi kwenda Morogoro, asubuhi, siti ya karibu na mlango. Chalinze nilishikilia kile chuma cha siti ya mbele mpaka mama wa jirani akaniuliza baba unaumwa? Nikamwambia hapana mama, nahesabu vitu. Akanipa nusu ya muhindi wake wa kuchoma, nikala.