Uliza Fundi wa Sauti: Gitaa likishushwa hadi B, amplifaya gani inafaa?

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Bendi yetu inapiga muziki mzito, na gitaa langu la umeme nimelishusha: uzi mnene uko B badala ya E. Amplifaya yangu ni ya wati 20, spika inchi 8. Nikipiga peke yangu chumbani inapendeza, lakini tukifanya mazoezi na drams sauti inakuwa uji, noti hazitofautiani. Wenzangu wanasema ninunue ya wati 100. Je, ndiyo dawa?
Msomaji, Tabata

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Ukinunua wati 100 bila kurekebisha mengine, utasikia uji uleule kwa sauti kubwa zaidi.

Uzi wa E ukitunwa kawaida hutetema mara 82 kwa sekunde, yaani hezi 82. Ukiushusha hadi B hubaki hezi 62 hivi. Spika nyingi za gitaa za inchi 12, hata zile zinazosifiwa sana, huanza kuishiwa nguvu kwenye hezi 70 au 75, na ya inchi 8 huishiwa mapema zaidi. Hilo lisikutie hofu. Sikio huitambua B kwa mitetemo yake ya juu, ya hezi 123, 185 na kuendelea. Kule chini kabisa mwachie mpiga besi, ni kwake.

Uji wenyewe hutengenezwa na distosheni, ule mkwaruzo wa makusudi wa gitaa la umeme. Ukipiga B pamoja na F shapu, hezi 62 na 93, ndani ya distosheni huzaliwa sauti ya tatu ambayo ni tofauti ya hizo mbili: hezi 31. Spika ya gitaa haiwezi kuitoa. Mulika koni, ile karatasi ya spika, kwa tochi ya simu wakati unapiga: utaiona ikipepea mbele na nyuma, na nguvu ya amplifaya inaishia hapo. Kwa hiyo besi lazima ipunguzwe kabla ya distosheni. Kwenye amplifaya nyingi zenye gaini kubwa, yaani zenye distosheni nyingi, nobu ya besi iko baada yake. Ukiirudisha hadi sifuri, uji unabaki, umekuwa mwembamba tu.

Weka pedali ya overdraivu ya aina ya Ibanez Tube Screamer kati ya gitaa na amplifaya. Draivu iwe sifuri au 1, leveli karibu na mwisho, toni katikati. Pedali hiyo hupunguza besi na kuinua midi, yaani sauti za kati, iliyo karibu na hezi 720. Kisha shusha gaini ya amplifaya hadi 4 au 5. Wengi huiacha 8 kwa kuwa wakiwa peke yao inasikika nzito, lakini bendi ikianza hawasikiki.

Sasa amplifaya. Kwa mazoezi na drams, wati 50 za transista zinatosha, mradi spika ni ya inchi 12. Kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lione sauti imekuwa maradufu unahitaji wati mara 10 hivi. Hela hiyo ni bora uitie kwenye spika ya pili, au kwenye sanduku lililofungwa nyuma, ambalo hushika noti za chini vizuri kuliko lililo wazi. Boss Katana 50, kwa mfano, ina spika moja ya inchi 12 na swichi ya kushusha nguvu hadi wati 25 au 0.5, jambo ambalo majirani watalishukuru.

Ukienda Kariakoo nenda na gitaa lako mwenyewe, limeshatunwa B. Besi iwe 3, midi 6, trebo 5. Ziba nyuzi kwa ubavu wa kiganja karibu na daraja, kisha piga uzi mnene harakaharaka: kila pigo lisikike na mwisho wake. Ongeza volyumu hadi ile mtakayotumia mazoezini, urudie. Kama ni ya mtumba, zima, kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande mbili kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda au imeungua. Iache.

Angalia nyuzi pia. Uzi wa 46 (unene wa inchi 0.046) ulio na mvuto wa kilo 8 hivi kwenye E hubaki na kilo 4.5 tu kwenye B, nao huyumba sauti kila unapoupiga kwa nguvu. Weka wa 60 au 62. Mfereji wake pale juu ya shingo utahitaji kupanuliwa kidogo kwa tupa ndogo, na darajani fundi arekebishe hadi noti ya freti ya 12 iwe oktava kamili ya uzi ulio wazi.

Tena, chumba cha tofali chenye mita 3 kutoka ukuta hadi ukuta huvuma chenyewe kwenye hezi 58 hivi, jirani kabisa na B yako. Usiweke amplifaya kwenye kona. Inyanyue juu ya kiti.

SWALI: Nimepata amplifaya ya mtumba kutoka Japani. Nyuma imeandikwa 100V. Nichomeke tu?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Usithubutu. Umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka, ukibahatika fyuzi itakatika. Usipobahatika, transfoma itaungua. Stepdauni (transfoma ya kushusha volti) nyingi za dukani hushusha 220 hadi 110, yaani nusu, tena umeme ukipanda hadi 240 nazo hupanda hadi 120, ambayo ni asilimia 20 zaidi ya inavyotakiwa. Tafuta yenye tundu la 100V. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, uzidishe mara mbili: ya wati 150 ipewe stepdauni ya VA 300 au zaidi. Muulize fundi kama waya wa ethi unapita hadi upande wa pili, maana kwenye nyingi za bei rahisi haupiti, na wewe ndiye unayeshika nyuzi za chuma.

SWALI: Kanisani tuna amplifaya ya besi na spika kubwa za miksa. Naweza kupitishia humo gitaa lililoshushwa?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Sauti safi itapita vizuri, hasa kwenye amplifaya ya besi. Distosheni ndiyo itakayokusumbua. Spika ya gitaa hukata karibu kila kitu juu ya hezi 5,000, lakini spika za miksa zina twita (spika ndogo ya sauti kali), kwa hiyo utasikia mlio kama nyuki ndani ya kopo. Tumia pedali ya efekti yenye kuiga sanduku la spika, uiwashe sehemu hiyo, kisha uingie kwenye miksa. Hapo kata chini ya hezi 80. Kwenye amplifaya ya besi, zima twita kama ina swichi.