Kabla ya kumwambia akeshe, muulize yuko katika majira gani

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Mkristo aliyeokoka zamani na sasa anaona moyo wake umepoa, afanye nini ahuishwe tena?" Jibu linalotolewa haraka nimelisikia katika mimbari nyingi za hapa Nairobi: afunge, akeshe, ahudhurie mkutano wa injili, arudi alivyokuwa siku ile ya kwanza. Mimi ningeanza kwa kumuuliza ana umri gani, analala saa ngapi, na nyumbani kwake kuna nani anayemtegemea.

Wengi wetu tuliokoka tukiwa vijana. Tulikuwa na kesha za Ijumaa, maombi ya saa saba mchana katikati ya jiji, na ujasiri wa kusimama katika bustani ya Jeevanjee kuhubiria watu waliokuja kupumzika tu kwenye nyasi. Mungu alikuwa ndani ya mambo hayo, na sitamruhusu mtu ayadharau. Lakini kesha ni ya mtu anayeweza kulala Jumamosi. Mama mwenye mtoto mchanga anayeishi Pipeline, anayetoka nyumbani alfajiri ili afike kazini Industrial Area kwa miguu, akiambiwa kwamba amepoa kwa sababu haonekani kwenye kesha, anabebeshwa mzigo ambao Kristo hakumpa.

Someni habari za Elia katika 1 Wafalme 19. Ametoka tu mlima Karmeli, moto umeshuka mbele ya macho ya watu wote, na baada ya muda mfupi yuko jangwani chini ya mretemu anaomba afe. Malaika hakumkemea. Hakumkumbusha moto wa Karmeli. Alimgusa, akamwambia ainuke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Elia akala, akalala tena, naye malaika akarudi mara ya pili akamwambia ale. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, huko Horebu. Kwa Elia, Mungu alianza na usingizi na chakula, na sioni kwa nini tuone aibu kuanza hapo na mama huyo wa Pipeline. Wasichana wetu waliojifungua huwa nawaambia wachukue mstari mmoja wa zaburi, wakae nao wiki nzima wakinyonyesha, basi. Maombolezo 3 inasema rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi, na asubuhi yao wao huanza saa tisa za usiku.

Miaka ya katikati ndiyo huzungumzwa kidogo zaidi kanisani, na nadhani muulizaji wenu yuko humo. Vitabu vingi vya kiroho tunavyosoma vimeandikwa na watu wa nchi za theluji, kwa hiyo mtu akipoa wanamwambia yuko katika kipindi cha baridi na maua yanakuja. Sisi tuna Julai ya Nairobi. Wingu linafunika jiji tangu asubuhi, mvua hainyeshi, jua halitoki, na kazi zinaendelea vilevile. Imani ya mtu wa miaka 45 mara nyingi iko hivyo. Hajafiwa, hajaanguka katika dhambi ya kutangazwa, analipa karo, analipa mkopo wa Sacco, yuko kwenye kamati ya ujenzi ya kanisa, na anapoomba hasikii chochote. Huyu hahitaji kelele zaidi. Anahitaji kimya, na kimya ni bidhaa adimu katika jiji hili. Akiwa mjini mchana aingie kanisa la Holy Family Basilica au la All Saints akae kwenye benchi nusu saa bila kuomba kitu. Akipata Jumamosi, aende Resurrection Garden, bustani ya sala kule Karen, atembee Njia ya Msalaba polepole, hata kama yeye si Mkatoliki. Mimi ni Mwanglikana na hapo nimesaidika sana.

Kuna kupoa kwa aina nyingine, na hapa sitaki kubembeleza mtu. Ukiwa umeacha kuzungumza na ndugu yako kwa sababu ya shamba, au una pesa za chama cha akiba ambazo hujazitolea hesabu, usiseme ni majira. Tubu. Wazee wetu wa Uamsho hawakuwa na mchezo katika jambo hili. Uamsho ule wa kiroho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini, Rwanda, na kufika Kabete, Kenya, mwaka 1937, uliwafundisha wanachokiita kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7. Mama mkwe wangu alilelewa katika ushirika huo. Walikutana kila juma, na mtu hakuruhusiwa kuishi kwa ushuhuda wa zamani. Ukisimama ukaeleza kwa ufasaha siku uliyookoka, wangekusikiliza kwa upendo, kisha mmoja angekuuliza: "Na juma hili, Yesu amekutendea nini?" Ungeweza kujibu kwamba umemgombeza mfanyakazi wako bila haki na umemwomba msamaha, na wote wakaimba. Ushirika huo ulipita katika Hali ya Hatari, kuanzia 1952, wakati ndugu waliokataa kiapo cha Mau Mau waliuawa, na bado ulikuwa na wimbo. Naamini ulidumu kwa sababu kila majira yaliletwa mezani jinsi yalivyo, ya furaha na ya hofu.

Majira ya msiba nayajua kwa mwili wangu. Mume wangu alipofariki, watu walijaa kwetu kila jioni kwa mikutano ya mazishi, wakifungua kwa wimbo na kufunga kwa sala. Mimi sikuweza kuomba. Midomo ilikuwa mizito. Nilikaa katikati yao nao wakaomba kwa niaba yangu, na hadi leo nahesabu kwamba hizo zilikuwa sala zangu. Wanne wale walimbeba yule aliyepooza wakamshusha kupitia darini, na Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Tatizo letu ni kwamba baada ya mazishi nyumba inanyamaza ghafla. Turubai inashushwa, viti vinarudishwa, na mjane anabaki na sufuria kubwa za watu. Mama mmoja wa kanisa letu aliendelea kuja Jumatano jioni, akisoma zaburi moja na kunywa chai, bila kunihubiria. Nilianza kuitikia "amina" kwa sababu yake.

Sasa namtunza mama mkwe. Magoti hayapigiki tena na ngazi za gorofa yetu haziwezi. Anaomba akiwa kitini, na vijana wa kanisa humpigia simu kumpa majina ya watu wa kuombea: wa mtihani, wa kazi, wa wodi za Kenyatta. Anapomaliza anauliza majibu, na ole wao waliosahau kumwambia. Luka anatuonyesha Ana, mjane wa miaka 84, akiwa hekaluni usiku na mchana, naye, kama Simeoni, alimtambua mtoto Yesu. Zaburi 92 inasema wenye haki "watazaa matunda hata wakati wa uzee, watajaa utomvu, watakuwa na ubichi." Mimi nauona ubichi huo kila asubuhi ninapompelekea uji.

Kwa hiyo kwa muulizaji wenu: usiende kumtafuta yule kijana uliyekuwa. Mwambie Mungu mahali ulipo leo, kwa sentensi fupi, na umtafute mtu mmoja wa kumwambia vilevile. Nawaomba pia wachungaji wetu wapange ibada fupi ya mchana katikati ya wiki kwa wenye watoto na wazee, na waweke kwenye ratiba ya kanisa ziara za nyumbani kwa wafiwa mwezi wa pili na wa tatu baada ya mazishi, zikiwa na jina la mtu atakayekwenda.

Msomaji, Umoja, Nairobi